Mtani wa Lawrence West

Jumatatu, 3 Novemba

Nimegonga kadi ya nauli saa nne na dakika saba asubuhi. Dereva ameinamisha basi upande wa mlango ili nipande. Nimekaa kiti cha bluu cha mbele, cha wazee.

Hesabu yangu ni ileile ya miaka kumi na moja. Ukigonga mara moja una saa mbili za kusafiri, panda shuka upendavyo. Flemingdon Park hadi Broadview kwa basi. Broadview hadi St. George kwa treni. St. George kwenda kaskazini hadi Lawrence West. Kisha miguu, zamani dakika sita, siku hizi kumi na mbili. Nikigonga tena Lawrence West kabla saa mbili hazijaisha, narudi hadi nyumbani kwa nauli ileile, maana basi la kwetu huingia ndani ya stesheni ya Broadview na hakuna mashine nyingine ya kupita. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na nne. Mtandao huu wa mabasi na treni naujua kuliko Stella, binti yangu, anayeishi hapa tangu ujana wake. Yeye kila mara anataka kuniitia teksi. Teksi ni ya harusi na hospitali.

Kwa hiyo kwa Bi Tatu, mtani wangu wa Lawrence West, hukaa kama dakika ishirini na tano. Sijawahi kuzidisha.

Leo amefungua mlango akipiga kelele: "Wee Mnyamwezi, bado hujafa tu? Nimeshaazima masufuria ya msiba wako!" Amenivua skafu akaivaa. Mimi nimechukua mwiko jikoni kwake nikautia mkobani. Ndivyo walivyo watani. Ukipendacho ni chako, ulisemalo halina kesi.

Nimecheka naye. Ndani naogopa. Ijumaa daktari alisema moyo umechoka, maji yanaingia mapafuni, tuhesabu miezi. Bi Tatu hajui.

Kuna jingine asilolijua. Mimi si Mnyamwezi.

Nimeliandika. Miaka kumi na moja sijaliandika popote.

Alhamisi, 6 Novemba

Miguu imevimba. Sijatoka.

Niandike ilivyokuwa. Mume wangu alikuwa amefariki, Stella akanileta huku. Miezi mitatu sikusikia Kiswahili nje ya nyumba. Siku moja ndani ya treni akaingia mwanamke mfupi, kanga ikichungulia chini ya koti la baridi. Niliitazama kanga. Akaniona.

"Wa wapi wewe?"

"Tabora," nikasema.

Haikuwa uongo. Nilifundisha shule ya wasichana Tabora miaka ishirini na miwili. Lakini kwetu mtu akiulizwa wa wapi, anaulizwa wa kabila gani. Akapiga yowe behewa zima likageuka. "Mnyamwezi! Mimi Mzaramo! Mtumwa wangu wewe!" Akanyakua mfuko wa machungwa mapajani mwangu, akaanza kumenya moja. Nilicheka hadi machozi. Hakuna aliyekuwa amenigusa miezi mitatu isipokuwa binti yangu na nesi.

Nilipaswa kusema palepale: Mama, mimi Mhaya wa Bukoba, mimi na wewe hatuna utani. Nilinyamaza. Wiki iliyofuata nikanyamaza tena. Baada ya mwezi nilikuwa nimechelewa.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimeiangalia dirishani ikifunika bonde la Don. Nilikuwa nikiipenda. Sasa naona barafu na mfupa wa nyonga uliovunjika.

Droo yangu ya chini ina vitu vya Bi Tatu. Vikombe viwili. Kanga moja. Kawa. Mbuzi ya nazi, ambayo niliitoa kwake kifua mbele, yeye akinitukana hadi kwenye lifti. Vijiko sita. Mwiko wa Jumatatu. Kwa mtani hivyo ni vicheko. Kwangu mimi ni wizi. Nimevitoa vyote nikavipanga kitandani. Nimeogopa kuvitazama, mwanamke wa miaka themanini na moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Bi Tatu amepiga simu asubuhi. Amepata Mnyamwezi mwingine. Mama Mihayo, amekuja kutoka Tabora mwezi uliopita kukaa na mwanawe Regent Park. Wamekutana hospitali.

"Nimekupatia ndugu yako! Jumamosi mchana nyumbani kwangu. Mnakuja kunilia wali wangu na kunitukana kwa kilugha chenu, na mimi nitakaa kama bubu."

Nikasema vizuri.

Najua salamu. Najua "mwangaluka". Najua majina ya mboga na ya magonjwa ya watoto. Baada ya hapo sina kitu. Ataniuliza ukoo. Ataniuliza baba yangu alizikwa wapi. Dakika mbili zinatosha.

Sijala mchana.

Jumatano, 12 Novemba

Padre amekuja kunipa komunyo. Nimeamua kuungama. Kiswahili hajui, nami Kiingereza changu ni cha darasani. Nikamweleza utani: makabila mawili yenye ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana, na kuchekana hata kwenye kifo. Alisikiliza kwa huruma. Kisha akauliza kama nimewahi kuripoti unyanyasaji huo.

Nikaanza upya. Nikamweleza msiba wa Mzee Shomari, mume wa Bi Tatu, miaka sita iliyopita. Nauandika hapa pia, maana ndio mzigo wenyewe. Kilichotangulia ni mchezo.

Kwa Wazaramo mtani ana kazi msibani. Anawachekesha wafiwa. Anaiga marehemu, ili kilio kivunjike. Siku ya tatu wanawake sebuleni wote walinitazama mimi. Mnyamwezi pekee. Nikasimama. Nikavaa koti la marehemu na kofia yake. Nikachechemea kama alivyochechemea, nikafika mlangoni, nikajipapasa mifuko yote mmoja baada ya mwingine kama alivyozoea kufanya mlangoni pa basi, foleni nzima imesimama nyuma yake. "Ipo, jamani. Kadi ipo. Ipo." Nyumba ikaangua kicheko. Bi Tatu, ambaye hakuwa amekula siku tatu, akacheka akaomba uji.

Zuhura hakucheka. Zuhura ni dada wa marehemu. Alisema, "Mtoeni huyu mwanamke, anamkebehi kaka yangu." Bi Tatu akasimama. Akasema mbele ya watu wote: "Huyu mtani. Ana haki. Asiyetaka atoke yeye."

Zuhura akatoka. Hawajasemezana hadi leo. Wifi yake wa pekee katika nchi hii.

Na mimi sikuwa na haki. Zuhura peke yake ndiye aliyeona kitu cha kweli: mgeni amevaa koti la maiti.

Padre aliuliza, marehemu alikuwa amekasirika? Nikasema marehemu alikuwa amekufa. Akaniwekea mkono kichwani akaniondolea dhambi. Hofu haikuondoka. Ameondoa dhambi asiyoijua.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimejaribu leo kumwambia Bi Tatu ukweli, kabla ya Jumamosi. Stella alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakohudumia wazee wa wengine. Alinikataza kutoka peke yangu. Nikatoka.

Nimegonga saa nne na dakika ishirini. Kati ya stesheni mbili, chini ya ardhi, treni ikasimama. Taa zikafifia kidogo, zikarudi. Sauti ikasema jambo nisilolisikia. Watu hawakuinua vichwa kutoka kwenye simu. Mimi pumzi ikakataa kushuka. Nilihesabu nguzo za kushikia. Nilifikiri: nikifa hapa, watampigia Stella, Stella atampigia Bi Tatu, Bi Tatu atakuja na vazi langu na kuniigiza mbele ya watu, akiamini ana haki. Msiba wa uongo juu ya msiba wa uongo.

Treni ikaondoka. Nilikuwa nimelowa jasho ndani ya koti.

Nilifika kwa Bi Tatu zikiwa zimebaki dakika kumi za kukaa. Alishangaa kuniona siku isiyo yangu. Akanitazama miguu. Akanitazama uso. Akanivua kofia ya sufu, ile ya kijani, akaivaa mbele ya kioo.

"Hii ndiyo nitakayovaa siku yako, Mnyamwezi. Nitakaa sebuleni kwa Stella nitazame saa yangu kila baada ya dakika tano. 'Jamani, kadi yangu inaisha, jamani, mzikeni haraka.'"

Aliniiga sawasawa. Hata mkono wangu. Nilicheka, na nilipomaliza kucheka nilisema: kweli, kadi inaisha. Nikaondoka.

Barabarani nikaelewa. Miaka kumi na moja si umaskini ulionirudisha nyumbani kabla ya saa mbili za kadi kuisha. Pensheni ndogo, ndiyo. Lakini nauli ya pili ningeipata. Nilikuwa nakimbia. Mtu akikaa saa nzima ataulizwa habari za kwao.

Ijumaa, 14 Novemba

Pumzi fupi. Nimelala kwa mito mitatu. Nimemwomba Mungu theluji nyingi Jumamosi, barabara zifungwe. Halafu nikaona haya.

Jumamosi, 15 Novemba

Hakuna theluji. Mvua nyembamba.

Nilimwambia Stella naenda kula kwa Bi Tatu. Akasema teksi. Nikasema basi. Akanitazama muda mrefu, akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mkaidi, halafu kwa Kiswahili, "Basi nenda, mama, lakini simu uiwashe."

Nilibeba mfuko wa vitu. Vikombe, kanga, kawa, mbuzi, vijiko, mwiko. Mbuzi ilinichoma ubavuni njia nzima. Kijana mmoja wa kike St. George alinibebea hadi kwenye lifti bila kuuliza. Nilitaka kumwambia ni vya wizi.

Bi Tatu alikuwa peke yake. Wali wa nazi, kuku, kachumbari, sahani tatu. Nilikaa nikisubiri mlango. Kila lifti iliposimama kwenye ghorofa moyo ulisimama nayo.

Saa saba kasoro robo simu ikalia. Mama Mihayo. Alipanda basi likamchukua upande mwingine, akaogopa, akateremka, mwanawe akamfuata akamrudisha nyumbani. Samahani sana. Siku nyingine.

Bi Tatu alikuwa anacheka: "Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani, leo basi la hapo tu linawashinda!"

Nilikuwa nimeokoka. Nilijua hivyo kwa mwili mzima. Mikono ilipata joto. Ningeweza kula, kucheka, kuondoka, na kufa kabla Mama Mihayo hajaijua njia.

Nikatazama saa. Dakika kumi na nane zilibaki za kukaa. Nikala. Zikabaki tisa. Bi Tatu akasema, "Haya, inuka, nauli yako inakuita." Sikuinuka. Zikabaki mbili. Zikaisha. Akanishangaa. Hakuwa ameniona kwake baada ya saa hiyo hata mara moja.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Mimi Mhaya. Tabora nilifundisha tu. Sina utani nawe. Sikuwa nao siku ile ya treni, sikuwa nao siku nilipovaa koti la Shomari. Wifi yako alisema kweli na ulimfukuza kwa ajili yangu. Nakufa, daktari amesema, na siwezi kufa na hili.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akauliza, "Basi mume wangu alitaniwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe nani?"

Nikatoa vitu mfukoni nikaviweka mezani, kimoja kimoja. Havikutosha, meza ilijaa sahani, nikaweka vingine sakafuni. Alivitazama. Kisha akaenda akachukua skafu yangu ya Jumatatu ile na kofia ya kijani. Akazikunja. Akanipa kwa mikono miwili.

"Mkoba wako huu hapa, Mwalimu," akasema. "Uangalie ngazi za nje, zina maji."

Mwalimu. Hajawahi kuniita hivyo. Kila siku Mnyamwezi, au mtumwa, au kikongwe. Heshima ile ilinitia baridi kuliko mvua.

Nimegonga upya Lawrence West. Mashine ikalia kama kawaida.

Jumapili, 16 Novemba

Sikuenda kanisani. Stella ameuliza kuna nini. Nimesema uchovu. Anajua sisi Wahaya; hakujua kwamba Bi Tatu hajui. Alipozaliwa tulimwita Stella, jina la ubatizo lisiloonyesha kabila, na jina hilo limenificha pia.

Nimemweleza yote. Alicheka kwanza. Aliponiona uso, akaacha.

Jumanne, 18 Novemba

Simu kimya.

Nilidhani nikisema hofu itaisha. Imebadilisha chumba tu. Kwanza niliogopa kujulikana. Sasa nimejulikana, naogopa kufa bila yule mwanamke mfupi mwenye kelele.

Alhamisi, 20 Novemba

Nesi amekuja kupima. Ameongeza dawa ya kutoa maji. Nakwenda chooni nimeshika ukuta. Stella ameweka kadi yangu ya nauli kwenye droo ya jikoni. Sote tunajua sitaigonga tena.

Nimekumbuka njia yote kwa macho yaliyofumbwa. Broadview, Castle Frank, Sherbourne, Yonge, Bay, St. George. Kisha juu. Spadina, Dupont, St. Clair West, pale Eglinton, Glencairn ambapo nuru inaingia, Lawrence West.

Nimelia.

Jumamosi, 22 Novemba

Bi Tatu amempigia Stella, si mimi. Ameuliza naamka saa ngapi, nakula nini, nalala upande gani. Amesema Jumatano alikwenda kwa Zuhura, ambaye naye anaishi Regent Park. Zuhura alimwacha amesimama kwenye korido robo saa kabla ya kufungua.

Atakuja Jumanne. Stella hakuuliza anakuja kwa heri au kwa shari. Nimemkasirikia kwa kutouliza.

Jumapili, 23 Novemba

Naogopa Jumanne. Naogopa nisiifikie.

Jumanne, 25 Novemba

Amekuja. Basi moja na treni mbili, miguu yake nayo si mizuri. Nilimsikia kwenye korido kabla ya kengele, anahema.

Ameingia, amesimama mbele ya kiti changu, amenyoosha mkono.

"Shikamoo, dada."

Nina miaka saba zaidi yake. Mtani haamkii. "Marahaba," nikasema.

Amekaa. Hakunyakua kitu. Stella ameleta chai, Bi Tatu akashukuru kama mgeni.

Halafu amesema, bila kunitazama: "Sijakusamehe. Nakwambia usije ukajidanganya."

Nikasema najua.

"Zuhura amelia sana. Mimi nimelia sana. Kisha tumekula." Amekunywa chai. "Nimekasirika nawe kwa jambo jingine. Mtani halii msibani. Nilikuwa nimeshajipangia kazi yangu, nicheke, niwachekeshe, nile, nirudi zangu. Sasa umenipa kazi ya kulia. Kwa umri huu, na macho haya."

Nimemshika mkono. Ameuacha ushikwe.

Akauliza kwetu Bukoba msiba unakuwaje, ili asije akaaibika. Nimemweleza. Wanawake wanavyojifunga kanga, anayeingia kwanza, kaburi linavyochimbwa kwenye migomba nyuma ya nyumba na si mbali na watu. Nimemweleza kijiji. Mlima, ziwa chini yake, moshi wa jikoni asubuhi. Nimeongea sana, nimepumzika, nimeongea tena. Miaka kumi na moja sikuweza kumwambia hata nilikochezea nikiwa mtoto.

Hofu ipo. Imekaa nasi chumbani, haikuondoka alipofika. Ila ilikuwa imenyamaza.

Ameuliza mama yangu aliitwa nani.

"Kokugonza," nikasema.

Akalirudia polepole, akalikosea, akalirudia tena hadi likakaa sawa.